Kinanda Kikikata Pumzi

Lutjewier, 16 Februari 1976

Mjukuu wangu Frouke,

Nakusalimu kwa mikono miwili na penseli moja. Habari za Utrecht? Kifua kimepona? Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, nalo haliumwi, lina ukaidi tu, limenirithi. Baridi ipo lakini barafu ya mifereji mwaka huu ni ya kitoto, haibebi hata bata. Jirani yangu Grietje anakusalimu, anasema uvae soksi.

Sasa nakuja kwenye neno. Jumapili baada ya ibada, mwalimu Dijkema, mpiga kinanda wetu, alishuka kutoka kwenye kinanda akaniambia mlangoni kwamba wewe, mtoto wa binti yangu, unatunga muziki mpya kwa ajili ya kinanda cha kanisa letu, na kwamba utakuja kuupiga mwenyewe mwezi wa Juni. Nikamwambia nilijua zamani. Sikujua. Nilikasirika kuanzia kanisani mpaka darajani, halafu nikakusamehe, maana furaha ilikuwa nyingi na njia yenyewe fupi.

Ujue una bahati. Kinanda kile hakuna anayekijua kama mimi. Mwalimu anajua upande wa mbele, wenye vitufe na taa na kiti chenye mto. Mimi najua upande wa nyuma, kwenye pumzi. Kabla hawajaleta ile mota yao, mivukuto yote niliikanyaga kwa miguu hii, napanda ubao huu, nashuka ule, upepo unaingia kwenye mabomba, watu wanaimba, na kinanda hakikutweta hata siku moja. Uliza watu. Nimekanyaga nikiwa na homa. Nimekanyaga siku ya harusi yangu mwenyewe. Bibi yako alinisubiri mbele ya mchungaji mpaka zaburi ikaisha, ndipo nikashuka nikamwoa. Wakanyagaji wa vijiji vingine walikuwa wanakuja kunisikiliza.

Basi siku hiyo mota isiguswe. Mivukuto ya zamani imeshatengenezwa, ina ngozi mpya ya kondoo, imekaa bure kama ng'ombe asiyekamuliwa. Nitakanyaga mimi. Na tafadhali utie zaburi ndani ya huo muziki, watu wapate pa kushika.

Ujibu kwa herufi kubwa. Shule niliyosoma ni ya majira ya baridi tu, siku zikianza kuwa ndefu nilirudishwa shambani kwenye viazisukari.

Babu yako,
Tjaard


Utrecht, 27 Februari 1976

Babu mpenzi,

Shikamoo. Kifua kimepona, soksi nimevaa, mwambie Grietje. Goti lako nalipa pole ingawa najua halitaki.

Nisamehe kwa kutanguliwa na mwalimu. Nilikuwa nasita kukuandikia kwa sababu nina ombi, na ombi lenyewe si dogo.

Kwanza nikueleze nilipo. Nimeshatunga vipande vitatu vya kinanda. Kila kimoja kimepigwa mara moja. Watu wamenipa mkono, wamekula biskuti, na karatasi zimerudi kwenye droo. Muziki mpya wa kinanda ndivyo ulivyo, Babu: mara ya kwanza ni sherehe, mara ya pili haipo. Wapigaji wana muziki wa marehemu wa kuwatosha mpaka kiama. Lakini safari hii redio inakuja kurekodi, na Bibi Ottoline Kuiper, mpiga kinanda wa Zutphen, ameahidi kuja kusikiliza. Yeye akiupenda ataupiga kwake, na akipiga yeye wengine hufuata. Asipoupenda, nimeamua: nafunga droo na kufundisha watoto piano.

Zaburi haimo. Imo pumzi. Katikati ya muziki nitakuwa nimekandamiza vitufe vingi kwa pamoja, na hapo nataka mkanyagaji aache kukanyaga. Asimame kabisa. Upepo uishe polepole, mabomba yalegee, yalie kama mbwa aliyefungiwa nje, yazime moja moja mpaka pawe kimya. Kimya kirefu. Kisha nitavuta ile kengele ndogo ya kumwita mkanyagaji, naye aanze upya, na sauti ipande kutoka chini.

Mota huzima inavyotaka yenyewe. Mtu huacha anavyotaka mtu. Nataka uwe wewe.

Mjukuu wako,
Frouke


Lutjewier, 4 Machi 1976

Frouke,

Marahaba. Mimi mzima. Goti limezidi.

Barua yako nimeisoma, kisha nikampa Grietje aisome, nikidhani nimekosea kusoma. Sikukosea.

Mwambie mwokaji aunguze mkate makusudi mbele za watu. Mwambie mkamuaji aipige ndoo teke. Wakikubali, urudi kwangu. Kinanda kile hakijatweta mikononi mwangu, yaani miguuni mwangu, na leo uzeeni unataka nikinyonge mbele ya mchungaji na wazee wa kanisa, na redio iwapelekee nchi nzima wasikie? Watasema Tjaard Bolhuis amechakaa, pumzi zimemwishia. Walioko makaburini nao watasema.

Nitakanyaga kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kuacha siachi. Ukitaka kimya, inua mikono kwenye vitufe, ni bure.

Babu yako,
Tjaard


Utrecht, 10 Machi 1976

Babu,

Shikamoo, na pole ya goti.

Nikiinua mikono, sauti inakatwa. Mimi sitaki ikatwe, nataka ichoke.

Sikulazimishi. Nitatumia mota. Mtu wa redio ana msaidizi, amekubali kubonyeza swichi nikimpa ishara. Anauliza tu swichi iko wapi. Nimemwambia wewe utamwonyesha.

Mjukuu wako,
Frouke


Lutjewier, 2 Aprili 1976

Mjukuu wangu Frouke,

Marahaba. Sisi wazima, upepo wa bahari umetulia, kondoo wanazaa. Usidhani nimekaa kimya kwa sababu nimenuna. Nilinuna wiki ya kwanza. Zilizobaki nilikuwa kazini.

Mwalimu Dijkema amepokea matangazo ya onyesho lako. Nikayachukua yote, maana yeye angeyabandika kanisani, mahali ambapo wanaoyaona ni wale wale ambao wangekuja hata bila tangazo. Nikapanda baiskeli. Nimebandika kwa mwokaji, nimebandika kwenye ghala la viazi, nimebandika mnadani kwenye mlango wa mafahali. Grietje akanikuta barabarani na gundi mkononi.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," akasema. "Mbona wewe unautembeza?"

"Huu haujatembea, una baiskeli."

"Na umekataa kuukanyagia."

"Nimekataa kuacha kukanyaga. Usichanganye mambo."

Nikamwacha hapo nikaingia kwa Siert muuza nyama. Nikamwambia, Siert mwanangu, bandika hili, ni kazi ya mjukuu wangu, na kinanda chenyewe pumzi yake nilikuwa mimi.

"Pumzi ipi, mzee Tjaard?"

"Nilikanyaga mivukuto."

"Kumbe kile kinanda kilikuwa na mtu?"

"Nyuma."

"Hebu ona. Utoto wangu wote nimekaa benchi lile nikimung'unya peremende, najua mwalimu anagusa nacho kinalia chenyewe."

Kulikuwa na mama mmoja anasubiri soseji zake. Akasema, "Mimi nilikuwa nasikia vishindo huko nyuma. Mama akaniambia ni panya."

Panya, Frouke.

Nimeishi na panya hao siku nyingi. Nimekwenda nao kitandani. Mwishowe nikaenda kwa Grietje kulalamika, naye akawa anamenya viazi, hakuinua hata kichwa. Akasema, "Ulikanyaga vizuri mno, Tjaard. Nani anakumbuka kuwa anapumua? Mpaka akabwe."

Basi mwambie huyo wa swichi abaki na redio yake. Nitaacha mimi. Nitaacha kuliko mtu yeyote alivyowahi kuacha. Nitaacha mpaka wa soseji wajue.

Watu watajaa. Nimewatangazia kwamba kinanda kitakufa na kufufuka, na muuaji ni mimi. Jana mchungaji alikuja kuuliza kama kweli ndivyo ninavyosema. Nikamwambia ndivyo. Akaomba nipumzishe neno kufufuka mpaka Pasaka ipite.

Babu yako,
Tjaard


Utrecht, 24 Mei 1976

Babu mpenzi,

Shikamoo. Nimefika salama kutoka mazoezini huko kwenu, na supu yako ya njegere imefika nami, nusu yake kwenye mkoba.

Babu, kwenye mazoezi hukuacha. Ulisema umeacha. Kila tuliporudia ulisema, "Sasa je, umeona?" Nami nimekaa pale nimekandamiza vitufe, nasubiri mabomba yalegee, na mabomba yananguruma kama yametoka kula. Nilisikia mbao zikilia chini ya miguu yako.

Nakupenda. Onyesho ni tarehe kumi na tisa Juni.

Mjukuu wako,
Frouke


Lutjewier, 28 Mei 1976

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mimi mzima, nina jeraha kidogo, utaona sababu.

Niliacha. Niliacha moyoni, ila habari haikufika miguuni. Miguu hii imefundishwa kwamba kinanda kikilia, yenyewe inapanda, na hujui ni miguu mikaidi kiasi gani, haikuanza leo.

Sasa naizoeza. Nikiwa kwenye baiskeli, nikifika katikati ya daraja naacha ghafla. Nimeanguka mferejini, lakini kwa ukame huu maji hayafiki hata kiunoni. Na nimempa Grietje ruhusa: akigonga ukuta, naganda kama nilivyo, hata kama kijiko kiko mdomoni. Anagonga kupita kiasi. Jana alinigandisha njiani naelekea chooni, na hayo si mazoezi, ni uonevu. Lakini niliganda.

Niko tayari. Wewe angalia vidole vyako.

Babu yako,
Tjaard


Lutjewier, 22 Juni 1976

Mjukuu wangu Frouke,

Nakusalimu, na natumaini ulifika salama, maana Jumamosi uliondoka bila kunywa kahawa na bila kuniaga. Nilishuka kutoka nyuma ya kinanda nikakuta kiti kitupu na mto wake.

Nataka tuelewane. Niliacha au sikuacha? Ulipofika pale penyewe, nilisimama. Mguu mmoja ubaoni, mwingine hewani, nimeganda kama nguzo. Nikasikia mabomba yanalegea. Mungu anisamehe, ilikuwa sauti mbaya na nzuri sana. Yale madogo yakalia, yakazima. Bomba kubwa likashusha pumzi kama ng'ombe anayejilaza. Kimya. Nikajiambia, haya Siert, haya mama soseji, panya wamelala. Nilikuwa najisifu vizuri kabisa, ndipo nikasikia mtu anaimba.

Sauti ni ya Grietje. Zaburi ya mia moja na thelathini. Akaingia Siert, akaingia mwalimu Dijkema, likaingia kanisa zima, kwa ule mwendo wetu wa zamani, wa polepole, kila neno linapumzika kabla ya kuondoka.

Wewe ulihama hapa ukiwa mdogo, hukumbuki. Huku kinanda kikizimika katikati ya ibada, hakuna anayegeuka kutazama. Watu wanaendelea kuimba, tena kwa nguvu, ili mkanyagaji aliyeteleza au aliyezidiwa apate muda wa kujikusanya, aibu yake isionekane. Wakanyagaji wa kabla yangu waliimbiwa hivyo. Mimi sikuwahi kuhitaji. Ndiyo maana nilichelewa kuelewa kwamba wananifunika mimi. Wamedhani mzee wao ameanguka huko nyuma.

Najua utasema niliwatangazia kwamba kitakufa. Niliwatangazia. Lakini nimewatangazia mengi maishani, hakuna anayeweka hesabu ya lipi ni la kweli.

Kengele yako niliisikia. Nilisikia jinsi ulivyoivuta. Sikuweza kupanda ubao. Watu wanakuimbia hivyo, wewe unaanza kuwakanyagia juu yao? Walipomaliza ubeti ndipo nikapanda, ukamalizia muziki wako, na ulimalizia vizuri. Mwalimu alisema ingeweza kuwa mbaya zaidi, na wajua huku hakuna sifa inayopita hiyo.

Nikatoka mbele niwaambie sikuanguka, nilikuwa napiga muziki. Siert akanishika bega, "Tunajua, mzee, tunajua," kwa ile sauti ya kusemea mgonjwa. Nimekasirika mpaka leo. Grietje simsemeshi. Amenipikia viazi na nyama, nimekula, lakini sikumsemesha.

Yule bibi wa Zutphen alibaki, akala keki. Uso wake haukusema kitu na mimi sikuthubutu kumuuliza.

Kwa kuacha sikuombi radhi, niliacha vizuri. Kwa kuimba siwezi kuomba radhi kwa niaba ya kijiji. Lakini niandikie.

Babu yako,
Tjaard


Lutjewier, 20 Julai 1976

Mjukuu wangu Frouke,

Salamu tena, kama ile barua ya kwanza ilipotea. Mimi mzima. Mvua hakuna, mifereji inaonyesha matope yake, ng'ombe wamekaa kivulini wanatutazama kama ni sisi tuliofunga maji.

Mwalimu anasema redio itautoa muziki wako Jumapili hii. Nimesema sitasikiliza. Grietje ana redio nzuri kuliko yangu, kwa hiyo huenda nikawa kwake kwa sababu nyingine.

Neno moja, nimeliandika kwa herufi kubwa ulione: USIACHE KUTUNGA. Kati yetu wawili aliyepangiwa kuacha ni mimi, na nimeshamaliza.

Babu yako,
Tjaard


Utrecht, 9 Agosti 1976

Babu mpenzi,

Shikamoo. Hujambo na goti? Barua zimefika zote. Sikujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa na meno, nikakichana.

Nilikuwa nimekaa pale, Babu, nimengoja kimya kile mwaka mzima, ndicho nilichokitunga, mengine yote ni njia ya kukifikia. Nikakipata kwa muda wa kumeza mate. Halafu Grietje.

Siku ya redio nilikaa sakafuni, nimejitayarisha kuchukia. Sikuweza. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na jirani yangu wa juu, ambaye hatujawahi hata kusalimiana, alisimama kwenye ngazi mpaka mwisho.

Sasa sikiliza. Bibi Ottoline amenipigia simu. Anataka kuupiga Zutphen mwezi wa Oktoba. Mara ya pili, Babu. Nilimwomba arudie, nikajifanya simu ina makelele. Kinanda chake nacho bado kina mivukuto ya miguu, na anamwomba yule mzee, maana hajapata mtu anayejua kuacha.

Ila ana sharti, au niseme pendekezo. Anataka niiandike ile zaburi ndani ya nota. Ataweka kwaya katikati ya watu, wainuke kinanda kikizima, waimbe kama mlivyoimba. Anasema hapo ndipo yeye alipolia. Ameniachia niamue. Nikikataa ataupiga hivyo hivyo, lakini najua anachopenda, na mtu aliyekupa mara ya pili humkatalii kirahisi.

Zaburi ulinidai wewe tangu mwanzo. Niiandike?

Mjukuu wako,
Frouke


Lutjewier, 14 Agosti 1976

Mjukuu wangu Frouke,

Marahaba, marahaba tena. Sisi wazima. Barua yako nimeisoma dukani kwa Siert, kwa sauti, nikafika mwisho nikajifanya nimepoteza mstari nikaanza upya. Mama wa soseji alikuwepo. Sasa ananisalimia kwa jina.

Usiiandike.

Najua nilikudai zaburi. Nilikuwa sijui ninachodai. Kwaya ya bibi huyo itaimba vizuri kuliko sisi, itaanza pamoja na kumaliza pamoja, na itakuwa uongo. Hawa wa kwetu waliimba kwa kuwa walidhani nimeanguka. Kwaya yake itakuwa imeambiwa tangu mazoezi kwamba mzee ni mzima, yuko nyuma, anakunywa maji. Wataimba wakiangalia karatasi. Mwambie bibi, kwa heshima zote, kwamba alilia kwa kitu ambacho hakiandikiki, akikitaka tena aje kuishi huku, nyumba ya mwokaji wa zamani iko tupu.

Nitakuja Zutphen. Sijawahi kuvuka mji wa Groningen, lakini nimeuliza, treni ni mota tu, unakaa. Jina langu liandikwe kwenye karatasi ya onyesho, herufi sawa na za Bibi Ottoline. Zisizidi. Mimi si mtu wa makuu.

Na kimya chako usikiogope. Kule sina hata mtu mmoja. Hakuna anayejua kama nyuma ya kinanda yupo Tjaard au wapo panya. Nikiacha, hakuna atakayefungua kinywa kunisitiri, watakaa na kinanda chao kilichokufa, wakitazamana, na kimya utakipata kizima, kuanzia ncha mpaka ncha, kama ulivyokitunga. Mimi nitakuwa huko nyuma na mguu hewani, nakungoja.

Babu yako,
Tjaard

Nimesahau: Grietje amekata tiketi, anakuja nami. Nimemwambia anaweza kuja akiapa kwamba atanyamaza. Nimemuuliza asubuhi, nimemuuliza mchana. Hajaapa.